Je, Ni Video au Ni Macho Yetu?

Waswahili walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kweli, haambiwi. Lakini ndugu msomaji, hivi mwenye macho huambiwa aone nini? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nimechoka. Kila likitokea baya huku kwetu Kyela, utasikia watu wanasema, "Ni hizi video za bongo fleva." Basi, kesi imekwisha!

Tuichunguze kesi yenyewe. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizuia video ya wimbo "Mtasubiri" wa Diamond Platnumz akiwa na Zuchu, kisa kipande chake chenye mandhari ya kanisa na kwaya. Sasa huku kwetu kwaya siyo jambo dogo. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na leo kuanzia Ipinda hadi Matema ni vigumu kupata ukoo ambao haujatoa mwanakwaya. Mama mmoja aliniambia video ile imemchoma moyo, ni kama mtu amempiga teke mlangoni pa nyumba yake. Vijana wa kwaya walicheka mpaka machozi, wakisema, "Jamani, si ndivyo tulivyo?" Mdogo wangu yeye hakuona kanisa wala dhambi, aliona nguo, akauliza zinauzwa wapi. Video ni moja, dakika ni zile zile, lakini kila mmoja ameondoka na yake.

Hata wakubwa huwa hivyo. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na BASATA wakaufungia. Haikupita muda, Waziri Harrison Mwakyembe, ambaye wakati ule alikuwa pia mbunge wetu wa Kyela, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Waliomkamata walisikia kosa, Rais akasikia jambo la kumfaa. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni masikio.

Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, aliliandika jambo hili mwaka 1973. Alisema mtazamaji wa televisheni anaweza kuipokea maana kama ilivyotumwa, anaweza kuikubali nusu na kuikataa nusu, au anaweza kuisoma kinyume kabisa. Kwa hiyo mtazamaji siyo ndoo ya kumiminiwa maji. Naye anapika.

Utaniuliza, kumbe msanii hana lawama? La hasha! Anayeshika kamera ameshachagua. Akimkata mwanamke vipande vipande, mara kiuno, mara mapaja, uso usionekane mpaka wimbo unaisha, huyo ameshasema neno, na neno hilo siyo zuri. Mpishi akizidisha chumvi tusiseme kosa ni la ulimi wa mlaji. Ninachokataa mimi ni mlaji kula sahani nzima, akalamba vidole, kisha akamchapa mtoto aliyeonja.

Kwa sababu hayo ndiyo yanayotokea. Mwaka juzi kulikuwa na sherehe ya kipaimara huku kwetu. Binti mmoja wa miaka 19, ambaye watu wote wanamjua kwa sauti yake nzuri, alicheza mtindo aliouona kwenye video. Mjomba wake akamzaba kibao mbele za watu. "Video zimekuharibu wewe!" Jumapili iliyofuata akatolewa kwaya. Lakini mjomba huyo na wenzake walishinda baa mchana kutwa wakiitazama video hiyo hiyo, na mara mbili nilimsikia akimwambia kijana wa pale, "Dogo, hebu rudisha nyuma!" Mbona hakuna aliyesema video imewaharibu wao? Ama kweli nyani haoni kundule. Mzigo wa macho ya wanaume wazima umebebeshwa binti mmoja, na mpaka leo haimbi.

Wazee wetu wa Kinyakyusa wana neno, ukwangala. Ni kukaa na wenzako kwa raha, mkala, mkanywa, mkazungumza. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika mwaka 1951 kwamba kwao hekima na adabu zilipatikana katika kukaa hivyo. Nami nasema hata video ilikuwa na ukwangala wake. Enzi za mabanda ya video tulijazana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje, na kila mtu ana la kusema. "Hilo gari la kuazima hilo!" "Huyo dada kalipwa tu, wala hampendi!" Kelele zile zilikuwa shule. Mtoto alijifunza kwamba picha inaweza kubishiwa. Siku hizi kila mmoja na simu yake, waya masikioni, na hakuna wa kumwambia kwamba lile gari ni la kuazima.

Kufungia peke yake hakutoshi, kwa maana kinachofungiwa kwenye televisheni hutafutwa kwenye simu usiku huo huo. Wala kuacha tu hakutoshi. Kilichobaki ni kazi ngumu kuliko zote mbili, yaani kuzungumza. Yule mjomba angeweza kumkalisha mpwa wake akamwuliza, "Mwanangu, ulipoitazama ile video uliona nini?" Naamini angejibiwa. Ila hapo binti naye apewe haki ya kumrudishia swali, kwa heshima, watu wote wakisikia: "Na wewe mjomba, uliona nini?"