Amana ya Mwaka 1988

Angus Young alizaliwa mwaka 1955. Watoto aliosoma nao ni mababu sasa, naye bado anapanda jukwaani na kaptula ya shule, tai na kofia, akirukaruka kwa mguu mmoja na gitaa mkononi. AC/DC, bendi aliyoianzisha na kaka yake Malcolm jijini Sydney mwaka 1973, inasifiwa na kulaumiwa kwa jambo moja: haibadiliki. Si kweli. Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki Februari 1980, na kabla ya mwaka kwisha albamu ya Back in Black ilishatoka, anaimba Brian Johnson. Sauti yenyewe ilibadilika, mashabiki wakaipokea. Kaptula ingebadilika, sina hakika kama wangekubali.

Ndiyo maana lawama kwamba mwanamuziki anayebadilika amewasaliti mashabiki hunitatiza. Hakuna usaliti pasipo ahadi, na mwanamuziki hakumwahidi mtu kwamba atabaki alivyo. Aliyenunua sahani alinunua sahani, hakununua mkono ulioipiga. Hoja safi, ila ni ya wakili; ukiipeleka ukumbini inazomewa.

Steve Kilbey wa The Church, kundi lililoanza Sydney mwaka 1980, alitunga “Under the Milky Way” pamoja na Karin Jansson. Wimbo ukatoka 1988. Tangu hapo kundi limetoa albamu nyingine nyingi, wenzake wa mwanzo wameondoka mmoja baada ya mwingine, na watu wanaokuja kulisikiliza bado wanausubiri wimbo ule. Si kwamba wameukosa; nyumbani wanao. Wanachokuja kukitafuta kwake ni ujana wao, waliomwachia bila kumuuliza. Deni hulipwa likaisha. Amana ya namna hii hailipiki, na aliyeishika hana hata pa kuirudisha, kwa kuwa mwenyewe wa mwaka 1988 hayupo tena.

Dar es Salaam mzigo wa amana hii umekuwa mwepesi kidogo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, jina la bendi likifuata la chama cha wafanyakazi, hadi ikawa Msondo Ngoma. Mwimbaji wake, Muhiddin Maalim Gurumo, alihamia bendi ya Mlimani Park, akaenda nyingine, OSS, kisha akarudi Msondo. Wapenzi walibishana usiku kucha, lakini ngoma iliendelea. Nadhani sababu ni ukaribu. Mpenzi wa dansi humfuata mwimbaji pale pale alipo, akamtunza noti kwenye paji la uso lenye jasho, na wiki ijayo yuko tena. Mtoto wa jirani humwoni akikua. Anayeshtuka ni shangazi aliyekuja kutoka mbali. Shabiki wa uwanja mkubwa ni shangazi huyo.

Sydney hiyo hiyo ina The Necks, watu watatu wa piano, besi na ngoma, pamoja tangu 1987. Hawana wimbo wa kuombwa. Mmoja huanza na noti chache, wenzake wakaingia taratibu, na kipande kikaenda karibu saa nzima bila kupangwa. Ungedhani hao wamesalimika. Lakini jaribu kufikiri wamerudia leo, noti kwa noti, walichopiga jana: mashabiki wao ndio wangekuwa wa kwanza kudai kurudishiwa kiingilio.