Acha Kwanza, Ndipo Urudi

Likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili nilifanya ukalimani kwa timu ya afya ya akili ya jamii iliyokuwa ikizunguka mitaa ya Kawempe. Sikuwa na ujuzi wowote wa utabibu. Nilichokuwa nacho ni Kiganda cha nyumbani na Kiswahili cha darasani, na kule bondeni Bwaise wapo Wakongomani ambao Kiganda chao huishia sokoni. Wenzangu walinitania kwamba hatimaye nimempata mtu wa kuongea naye Kiswahili mjini Kampala asiyevaa sare. Nilicheka nao. Wiki ya tatu sikuwa nacheka tena, na swali la insha hii ndilo lililonikatisha kicheko: je, anayetoa msaada ana haki ya kumwekea mhitaji sharti la kubadilika kwanza?

Nianze na kosa langu, kama ni kosa. Kulikuwa na fundi viatu mmoja, mtu wa upande wa Bukavu, ambaye hakuwa analala. Kila akifumba macho alirudi kwenye yale aliyoyakimbia. Alikuwa amegundua dawa yake mwenyewe, waragi, na alinieleza kwa Kiswahili cha kwao: “Niko nakunywa juu nipate usingizi.” Kabla ya kufika kwenye timu ninayoizungumzia, nilimsindikiza mahali pengine pa kutolea huduma, ambapo sitapataja. Aliyetupokea alimsikiliza kwa adabu, akanusa, akasema kwamba akili iliyolowa pombe haitibiki. Aache kwanza, akae wiki mbili bila kunywa, ndipo arudi. Nikatafsiri: “Acha pombe kwanza, kisha baada ya wiki mbili urudi.” Mwalimu wa sarufi asingepata la kusahihisha katika sentensi ile.

Fundi alikuwa mtii. Aliacha siku hiyohiyo. Siku ya kwanza alitetemeka, siku ya pili alitoa jasho na kuona panya ukutani ambao mkewe hakuwaona, na siku ya tatu alianguka kwa mshtuko kama wa kifafa, mkono ukaangukia sigiri. Majirani walimpakia katikati ya watu wawili juu ya boda boda wakampeleka hospitali. Alipona, akabaki na kovu la moto na ulimi alioung'ata.

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtu anayesema neno “acha” angepaswa kulijua. Mwili uliokunywa sana kila siku kwa miaka mingi huwa umejipanga upya kuuzunguka ulevi huo. Pombe huutuliza ubongo, nao ubongo hujibu kwa kujiongezea mwako ili uweze kufanya kazi hivyohivyo. Ondoa pombe ghafla, mwako unabaki peke yake. Mitetemeko, jasho, kuona visivyokuwepo, mishtuko, na wengine hufa, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Kwa mnywaji wa namna hiyo, kuacha ni jambo la kufanywa chini ya uangalizi, kwa dawa au kwa kupunguza kidogo kidogo. Kumwambia mtu aache peke yake nyumbani kama sharti la kuonwa ni sawa na kumwambia avuke mtaro wa Nakamiro usiku wa mafuriko ili athibitishe kwamba anastahili daraja.

Aliyenieleza hayo ni mwanamke aliyekuwa mtaalamu wa uraibu katika timu ile. Watu wote walimwita musawo, ingawa yeye mwenyewe alisema si daktari. Kazi yake ilitokana na ugomvi wa zamani kati ya milango miwili. Mlango wa akili humwambia mgonjwa kwamba shida yake ni pombe, aende kwa watu wa pombe. Mlango wa pombe humwambia kwamba shida yake ni akili. Mgonjwa hubaki barabarani kati ya milango hiyo mpaka achoke, na akichoka tunaitoa ile methali ya sikio la kufa, tunaikunja na kuirudisha mfukoni, tumemaliza. Kumweka mtu wa uraibu ndani ya timu ya akili, akae kwenye benchi moja na muuguzi, na mhudumu wa ustawi wa jamii, na wajitolea wa afya wa mtaani, maana yake ni kwamba mgonjwa hana tena mlango wa pili wa kutumwa.

Lakini mtu wa falsafa hatakiwi kushinda hoja kwa kisa cha kusikitisha tu. Yule aliyetutuma nyumbani alikuwa na sababu, na nimejitahidi kuzipima kana kwamba ni zangu. Ya kwanza ni ya kitabibu na ni ya kweli: pombe yenyewe huleta huzuni na kukosa usingizi, hivyo ni vigumu kujua kama sonona ilikuwepo kabla ya chupa au ilitoka ndani ya chupa mpaka mtu akae muda bila kunywa. Ya pili ni uchache. Divisheni ya Kawempe imebeba hospitali ya Mulago na chuo chetu, lakini hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko ng'ambo nyingine ya mji, na wauguzi wa akili hawatoshi popote. Kwa nini nafasi apewe anayeimwagia pombe? Sababu ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa inavaa kanzu ya heshima: kumdai mtu ni kumheshimu. Anayekuwekea sharti anakuchukulia kuwa mtu mzima mwenye hiari. Anayekupokea bila kukudai chochote huenda ameshakata tamaa juu yako, anakuhudumia kama mtu anavyomwagilia mmea.

Hoja hii ina ukoo mrefu. Aristotle alikwisha kusema kwamba aliyerusha jiwe hawezi kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa mikononi mwake. Ndivyo ilivyo kwa aliyejizoesha tabia mbaya mpaka ikamtawala. Naliona jiwe hilo. Ninachojiuliza ni kama Aristotle aliwahi kukaa na mtu aliyerusha jiwe lake usiku wa kukimbia vita, ili apate saa nne za usingizi, wakati hakuna kingine cha kurusha. Hata hivyo sitaki kumfanya fundi kuwa mtu asiye na hatia yoyote, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa. Nilipomtafsiria musawo kwamba vita ndivyo vilivyomfanya anywe, fundi alinikatiza: vita vilimnyima usingizi, chupa alikwenda kuinunua mwenyewe. Ilinibidi nirudi nyuma na kulitafsiri hilo pia.

Mwaka 1971 Harry Frankfurt aliandika juu ya mraibu anayechukia matamanio yake mwenyewe: anataka dawa, na papo hapo anataka asiitake. Kwa Frankfurt, kule kuweza kuyatazama matamanio yako na kuchagua upande ndiko kunakokufanya uwe mtu. Nilimwona fundi humo. Ila kuna kitu ambacho mfano wa Frankfurt haukunipa: kwamba mtu huyo aliyegawanyika anahitaji muda, chakula na usingizi ili upande wake mmoja uushinde mwingine, na kwamba sharti la “acha kwanza” linadai ushindi kabla ya vita. Hanna Pickard, mwanafalsafa ambaye pia amefanya kazi kwenye kliniki nchini Uingereza, anatenganisha uwajibikaji na lawama. Mtu anaweza kuulizwa juu ya matendo yake, hata kwa ukali, pasipo kulaumiwa. Nadhani hilo ndilo nililolishuhudia kwa musawo bila kulijua jina lake. Alimdai fundi mambo mengi: aseme kweli amekunywa kiasi gani, amekunywa saa ngapi mara ya mwisho, ale kabla ya kunywa, ameze vidonge vya vitamini, apunguze kwa kipimo walichokubaliana, asiruke siku. Hakumdai kitu kimoja tu, kwamba awe amepona ndipo atibiwe. Hivyo hoja ya heshima inaanguka, maana inadhani kwamba asiyeweka sharti mlangoni hana la kudai ndani.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo kwa ajili ya wenzangu wa isimu. Neno “mlevi” limetokana na kitenzi “lewa”, lakini kwa kuwa nomino limepoteza wakati. “Alilewa” ina jana, “amelewa” itaisha kesho asubuhi. “Mlevi” haina saa. Neno la vijiweni, “teja”, ni baya zaidi, nalo limeenea kutoka pwani hadi kwetu. “Mraibu” tunaliona la kitaalamu na safi, ingawa uraibu wa wazee ulikuwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu alimkaribishia mgeni. Katika daftari la musawo hapakuwa na nomino hata moja kati ya hizo. Aliandika vitenzi na tarehe.

Narudi kwenye sharti, kwa sababu kuna mtu ambaye sijampa nafasi. Mke wa fundi aliuza ndizi za kuchoma karibu na Kalerwe. Aliposikia kwamba musawo anamtibu mumewe huku bado anakunywa, alikuja juu. “Sasa mumemupa ruhusa,” alisema, na alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Pesa ya kodi ya chumba ilikuwa imenywewa mara mbili. Yeye naye alikuwa na “acha” yake, na katika Kiswahili neno hilohilo hutumika kwa pombe na kwa ndoa: asipoacha, ataachwa. Kama nasema sharti ni dhuluma, je, mama huyu ni dhalimu?

Sidhani. Nimefikia kutofautisha masharti kwa kutazama yanamlinda nani. Mke anayesema “usiingie ndani ukiwa umelewa” anajilinda yeye, watoto na sufuria zake. Anaubeba mzigo wenyewe na ana haki ya kuutua. Hata timu ilikuwa na sharti la namna hiyo: anayetukana wauguzi au kuinua mkono haonwi siku hiyo. Sharti la mlangoni ni la namna nyingine. Halimlindi mtoa huduma na lolote isipokuwa uchovu, na linamtaka mgonjwa alete kama ada kilekile alichokuja kukitafuta. Huduma ya umma haifanani na ndoa. Fundi akifukuzwa na mkewe ana pengine pa kwenda, hata kama ni pabaya. Akifukuzwa na mlango wa mwisho wa matibabu, anabakiwa na chupa.

Wapo watakaosema kwamba kumpokea mtu anayetumia ni uzembe mpya uliotoka nje. Historia ya karibu inawapinga. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011. Kenya ikafuata miaka michache baadaye Nairobi na pwani. Butabika ikafungua kliniki yake mwaka 2020. Methadoni haimtibu mnywaji wa waragi, lakini ni kukiri rasmi kwa serikali kwamba matibabu yanaweza kutangulia kuacha. Hata hivyo sharti likifukuzwa mlangoni linajua kupita dirishani. Kwa kawaida mgonjwa wa methadoni, hasa mwanzoni, huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hesabu mwenyewe nauli ya kila siku kutoka Bwaise hadi Butabika na kurudi, kwa mtu anayeshona soli. Hakuna aliyeandika kwamba maskini asije.

Waganda wana neno obuntubulamu. Tunalitafsiri “utu” na kupita haraka, lakini ndani yake mna obulamu, ambao ni uhai na pia afya. Nililitupa neno hilo kwa musawo siku moja kama mwanafunzi anayejionyesha. Alisema ni neno zuri, akaniomba nimsaidie kubeba boksi la kadi.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Fundi alikuja ananuka, kidogo kuliko zamani, au labda pua yangu ilikuwa imezoea. Musawo aliniambia nimuulize alikunywa saa ngapi mara ya mwisho. Saa kumi na moja alfajiri, glasi moja, ili mikono itulie ashike sindano. Ndoto? Zimepungua, usiku tatu kati ya saba. Akaandika, akampa vidonge vya wiki moja, si vya mwezi, na akamwambia kwa nini ni vya wiki moja.

Nilipotoka nilimkuta mkewe kando ya jiko lake. “Mwanangu, ameacha?” aliniuliza. Nilikuwa nimeapa kutotoa nje yanayosemwa ndani, hata kwa mke. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alinichagulia ndizi mbili, akazifunga kwenye karatasi, akakataa pesa yangu, na hakuniaga.