Injini Inanguruma, Lakini Betri Haichaji

Vijana wapendwa, tafakari ya leo inaanzia shambani.

Wengi mmewahi kuiona Massey Ferguson 135, ile trekta ndogo nyekundu iliyoanza kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960. Mpaka leo zipo zinazolima vijijini. Za mwanzo zilikuja na dinamo, na nyingi mafundi wameshaing'oa wakafunga alteneta. Hapo ndipo linapoanza tatizo ambalo madereva wengi wa trekta wanalijua. Asubuhi unawasha, inawaka. Unalima kutwa nzima. Jioni unazima. Kesho yake unageuza ufunguo, stata inasema "tik", halafu kimya.

Mwenye trekta anasema betri imekufa. Ananunua mpya. Siku chache mambo ni safi, kisha "tik" inarudi. Anaipeleka kuchajiwa, juma haliishi, imeisha tena. Mwisho anazoea kuegesha trekta kwenye mteremko ili asubuhi iteremke iwake. Kumbe tatizo siyo betri, jamani. Alteneta haichaji, na hakuna aliyegundua.

Kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu injini ya dizeli ya zamani haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka. Umeme ni wa kupigia stata tu. Ikishawaka, pampu inaleta dizeli, hewa iliyogandamizwa inaiunguza, basi, kazi inaendelea. Alteneta inaweza kuwa haifanyi kazi kabisa na bado ukalima mpaka jua lizame. Ngurumo ni ileile. Udongo unapinduka. Ila hakuna kinachorudi kwenye betri, na utajua siku utakapozima.

Kijana mwenzangu, nadhani umeshaona tunakoelekea. Yupo kijana anaimba kwaya, ni katibu wa VIWAWA, anaendesha kundi la WhatsApp la parokia, na kwenye jumuiya yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kila mtu anasema huyu ana moto. Na kweli injini inanguruma. Lakini ana miezi hajakaa na Mungu dakika kumi peke yake. Utume unaweza kwenda muda mrefu bila sala, na hiyo ndiyo hatari yake. Halafu inakuja siku ya kuzimika: ugonjwa, msiba, kukosa kazi, kuachwa na mchumba, kuhamia mji ambako hakuna anayekujua. Unageuza ufunguo: "tik". Watu wanaulizana, "Huyu si alikuwa kiongozi wetu?"

Dawa tuliyoizoea ni kununua betri mpya. Tunakwenda mkesha, tunalia, tunarudi tumejaa. Tunakwenda mafungo ya siku tatu, tunatoa ahadi kubwa kubwa. Mafungo ni mema, nami nayapenda. Lakini betri mpya kwenye trekta isiyochaji itaisha kama ile ya kwanza. Swali siyo ulijazwa lini. Swali ni kila siku kinarudi nini ndani yako.

Fundi mzuri hakimbilii dukani. Anapima kwanza. Anaweka mita kwenye betri injini ikiwa imezimwa: betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Kisha anawasha na kupiga resi kidogo. Mita ikipanda kufika kati ya 13.8 na 14.4, inachaji. Ikibaki palepale, anafuatilia. Tumfuate katika mambo matatu.

Kwanza, mkanda. Ukilegea, injini inazunguka lakini alteneta haizunguki inavyopaswa. Mkanda wetu ni ratiba. Ukisubiri mpaka upate hamu ndipo usali, umeshalegea. Weka saa inayojulikana, na iwe kabla hujashika simu.

Pili, ethi. Umeme wa alteneta unakamilisha safari yake kupitia chuma ilichofungiwa. Hapo pakiwa na kutu au rangi nene, waya mpya hazitasaidia. Fundi anakwangua mpaka chuma king'ae. Hicho ndicho kitubio. Neno la Kilatini la unyenyekevu, humilitas, lina mzizi mmoja na humus, yaani udongo. Anayeungama anashuka chini, anakubali kukwanguliwa, na mkondo unapita tena.

Tatu, ile taa ndogo ya chaji. Wengi hudhani ni ya kuonya tu. Kumbe kwenye alteneta nyingi, umeme kidogo unaopitia kwenye taa hiyo, ya wati 2 au 3 hivi, ndio unaoiamsha sumaku ya ndani ili alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, alteneta nzima kabisa inaweza kuzunguka bure. Zipo zinazojiamsha ukipiga resi sana, lakini trekta ya zamani inazunguka polepole. Kwa hiyo ukigeuza ufunguo, taa iwake. Injini ikishawaka, taa izimike. Isipowaka kabisa, usifurahi. Anza kutafuta hapo.

Katika falsafa tulisoma hoja ya Aristotle, ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino aliitumia kumwelekea Mungu: kilicho katika mwendo kimesogezwa na kingine. Alteneta inanisaidia kuielewa. Mashine ya kutoa umeme haianzi kutoa mpaka ipokee kidogo. Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, anatufundisha kwamba upendo wetu ni jibu. Mungu ndiye aliyetangulia. Hiyo ndiyo neema. Kwa macho inaweza kuonekana ndogo: aya chache za Injili, ukimya mbele ya tabenakulo, Komunyo iliyopokelewa kwa makini badala ya mazoea. Bila hiyo tunazunguka bure.

Mtazame Bwana mwenyewe katika Marko sura ya 1. Jioni mji mzima umejaa mlangoni kule Kafarnaumu, anaponya wengi. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, yuko peke yake anasali. Kama Mwana wa Mungu hakuitegemea kazi ya jana, mimi na wewe ni nani? Mtakatifu Tereza wa Kalkuta alilijua hilo. Mwaka 1973 masista wake walianza saa moja ya kuabudu Ekaristi kila siku, na maskini waliokuwa wakiwasubiri hawakuwa wachache. Hawakuona kwamba wanawaibia maskini muda wao.

Basi juma hili jipime. Zima simu nusu saa, ukae mbele ya Mungu, uone mita inasoma nini. Kama imekuwa muda mrefu, nenda ukaungame. Halafu chagua saa yako ya kila siku, hata dakika kumi, na uilinde.

Na kama umegundua kwamba wewe ndiye trekta ya kwenye mteremko, usikate tamaa, wala usiache utume kwa aibu. Injini yako bado nzima. Kinachotakiwa ni waya kurudi mahali pake.

Tusali: Ee Bwana, unatuona tunavyokimbia kwa ajili yako bila kukaa nawe. Tuamshe tena, ili tunachowapa wenzetu kitoke kwako. Amina.

Frateri wenu.