Kununua au Kuunga Mkono?

Nina picha tano ukutani, zote za wachoraji wa Dar es Salaam walio hai. Wageni hunisifu kwamba "nawaunga mkono wasanii". Sifa hiyo hunikera. Fundi aliyenitengenezea kitanda, hakuna anayesema nimemuunga mkono, nimenunua kitanda.

Lakini jambo lenyewe si jepesi hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mwizi. Siku hizi picha zake hupigwa mnada Ulaya. Yeye alipata zile shilingi za mwanzo tu. Kwa mchoraji, mnunuzi anayemfaa ni yule wa leo, yaani mimi na wewe.

Basi ninunue hata nisichokipenda, ili kijana ale? Nadhani hapana. Kila anayelipa humwambia mchoraji: chora tena hivi. Ndiyo maana vibanda vimejaa tembo chini ya Kilimanjaro (wengine wazuri kweli, nisiwe mnafiki). Huruma yangu ingeongeza tembo mwingine.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha tembo wake, shilingi 40,000. Nyuma niliona picha nyingine: abiria wakisubiri daladala kwenye mvua.

"Na hiyo bei gani?"

"Hiyo sijaipangia bei, dada. Hakuna anayeiulizia."

Tukakaa kwenye benchi lake, tukaanza kuitafuta hiyo bei.