Adabu Isiyo na Shahidi

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada hakuwa na budi kuvuka maji. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Hata hivyo, wengi bado hupanda boti kwenda Dar es Salaam, kwenye chuo kilichozaliwa mwaka 1961 na ambacho wenyewe hukiita Mlimani. Wanaobaki bandarini aghalabu huwapa wasia mmoja: "Usituaibishe." Neno hilo dogo limebeba swali zito: je, adabu ni mali ya mwenye nayo, au ni mali ya macho yanayomtazama?

Visiwani mtoto halelewi na wazazi wake peke yao. Mzee achezaye bao barazani ana haki ya kumkemea, na habari ya kosa lake hufika nyumbani kabla yake. Bwenini hakuna baraza. Mwenzake wa chumba ametoka Mbeya au Bukoba, wala hamjui baba yake ni nani. Akikosa mhadhara haulizwi. Akirudi alfajiri hamna anayemngojea. Kwa mara ya kwanza si mtoto wa fulani.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, amesimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akikigeuzia kito chake kiganjani, haonekani. Glaucon, anayekisimulia kisa hicho, anadai kwamba hapana mtu atakayebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo kidoleni.

Pete ya mwanafunzi ni ndogo zaidi. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, wapo wanaopata fedha za kujikimu, ambazo wao huziita bumu, nazo huja kwa mkupuo. Asiyewahi kushika fedha nyingi kwa pamoja huweza kuzimaliza kwa wiki mbili, kwa viatu na simu mpya, kisha akapiga simu nyumbani kusema fedha hazijatoka. Mama, asiye na njia ya kujua, huomba zamu yake ya upatu iletwe mbele. Uwongo huo haukuonwa na mtu.

Wapo wasemao dawa ni kutomwachia mtoto kuvuka, hasa wa kike. Hao hulinda jina la nyumba. Adabu yenyewe hawajaijua bado. Wengine hujibu kwamba jicho la Mola halilali. Ni kweli tupu. Lakini aliyeishi maisha yake yote chini ya jicho la jirani huenda hajawahi kulipambanua na lile la Mola. Ni pale tu jirani anapokosekana ndipo anapojua alikuwa akimtii nani.

Tena, si kila badiliko ni upotevu. Msichana aliyefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa hufika siku akanyoosha mkono na kumpinga mhadhiri kwa hoja. Hakuitupa heshima, ameitenga na ukimya tu. Hivyo mwaka wa kwanza hupepeta: kilichokuwa woga hupeperuka, kilichokuwa imani hubaki ungoni. Mwacha mila ni mtumwa, husemwa. Lakini hata aishikaye kwa kuogopa kuonekana hajawa huru.

Kwa hiyo mzazi asiyapime malezi yake kwa vazi wala kwa lafudhi ya mwanawe arudipo likizo. Angoje siku ambayo kijana, bila kuulizwa na yeyote, atakaa mkekani kando ya mama yake na kumwambia: "Zile fedha zilitoka, mama. Nilizimaliza mimi." Maneno hayo yatamtia mama uchungu. Lakini ndiyo yatakayomjulisha kwamba alichokipanda kimevuka maji pamoja na mwanawe.