Mbegu na Udongo: Maneno kwa Wenye Kuhubiri

(Someni Mathayo 13:1–23)

Leo twataka kusema nanyi habari ya hotuba: jinsi ya kuitengeneza na jinsi ya kuihubiri. Kazi hii ni nzito. Watu hutoka mbali, wengi wao kwa miguu, katika jua na vumbi, ili wasikie neno la Mungu. Mhubiri akija mikono mitupu, hao watarudi nyumbani na njaa ya roho juu ya njaa ya mwili.

Bwana wetu alilifananisha neno la ufalme na mbegu, na mioyo ya watu na udongo. Mbegu ilikuwa njema popote ilipoanguka, lakini udongo haukuwa mmoja. Basi mwenye kuhubiri yampasa kuvijua vyote viwili. Watu wa Dodoma wanao ushuhuda wa jambo hili katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe kuitazama nchi kwa muda wa wiki 9 tu, na mwaka 1947 kazi ya shamba kubwa la karanga ikaanza pale Kongwa. Zikaletwa fedha nyingi, na wataalamu, na matrekta. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mvua yake haina hakika. Majembe ya chuma yakalika, karanga zikakosa maji, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na paundi zaidi ya milioni 35 zimepotea. Kosa halikuwa la karanga. Walipanda kabla ya kuijua nchi.

Hotuba nyingi huharibika kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo twawapa mashauri machache.

Kwanza, ijueni mbegu. Msingoje Jumamosi usiku. Siku ya Jumatatu fungueni somo lililowekwa katika kalenda ya Kanisa, mkalisome kwa sauti, polepole, mara tatu. Someni na yaliyo mbele yake na yaliyo nyuma yake, mpate kujua ni nani asemaye, na asema na nani, na kwa sababu gani. Kisha lisemeni somo hilo kwa lugha ya nyumbani, iwe Kigogo, au Kirangi, au Kinyaturu, au Kinyiramba. Neno msiloweza kulisema kwa lugha ya mama zenu, bado hamjalielewa vema. Baadaye ndipo mtafute vitabu vya wafafanuzi na hotuba za wengine. Si aibu kuzisoma. Luther mwenyewe, alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, alianza kuandika kitabu cha hotuba ili kuwasaidia wachungaji wasiojua kuhubiri. Lakini mkichukua hotuba ya mtu mwingine na kuisoma yote kama ilivyo, mtakuwa kama mama ampaye mtoto chakula alichopikiwa mgonjwa wa nyumba nyingine.

Pili, ujueni udongo. Luther huyo huyo, katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kazi ya kufasiri, alifundisha kwamba atakaye kusema vema na watu amsikilize mama nyumbani, na watoto njiani, na mtu wa kawaida sokoni. Basi katikati ya juma tokeni. Nendeni kisimani, na mnadani, na kwa mgonjwa, na kwa mjane. Sikilizeni wanalolizungumza na wanaloliogopa. Je, mtoto amerudishwa kutoka shule? Je, ng'ombe wamekufa? Je, ndugu wawili wamegombana kwa ajili ya shamba la zabibu? Msiende ili kukusanya habari za watu na kuzitangaza mimbarani. Siri mliyoambiwa na iwe siri hata kaburini. Nendeni ili, mkilirudia somo, mlisome pamoja na nyuso zao mbele ya macho yenu.

Tatu, ligaweni vema neno la Sheria na neno la Injili. Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize zaidi, maana roho za watu zimo hatarini. Nchi ya Dodoma ina majira moja tu ya mvua, tangu mwezi wa Desemba hata Aprili, na mara kwa mara mvua hukatika na uwele hukauka kabla ya kuchanua. Katika mwaka wa namna hiyo, Jumapili huja kama kawaida, na mhubiri husimama mbele ya watu wenye ghala tupu. Majaribu mawili humjia. La kwanza ni kusema: "Mvua imezuiliwa kwa sababu ya dhambi zenu." La pili ni kusema: "Aminini, na mvua itanyesha wiki hii." Yote mawili ni hatari, kwa kuwa mhubiri hakuambiwa na Mungu neno hilo wala hili.

Kumbukeni njaa ile kuu iitwayo Mtunya, iliyowapata watu wa Ugogo katika miaka ya 1917 hata 1920. Majeshi ya vita ya wageni yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, na wanaume kwa kazi ya upagazi. Kisha mvua ikakosekana, na wengi wakafa. Ni nani athubutuye kusimama juu ya makaburi yao na kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko majeshi yaliyowanyang'anya chakula? Bwana wetu alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kuitafuta dhambi yake au ya wazazi wake (Yohana 9). Alipotaja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wabaya kupita wengine, akawaita wote waliosikia watubu (Luka 13). Sheria hutuambia sisi sote, mhubiri akiwa wa kwanza: tubuni; mwenye debe moja la mtama asimfungie mlango jirani yake. Na Injili huwaambia walioumia: Mungu hakuwaacha, Mwanawe aliona njaa na kiu, akafa msalabani, akafufuka kwa ajili yenu. Habakuki alijifunza kumfurahia Bwana ingawa shamba halikutoa chakula na zizi halikuwa na ng'ombe (Habakuki 3). Hakuahidi mvua, wala hakumlaumu maskini. Mama aliyemzika mtoto, akitoka kanisani huku ameambiwa kwamba ni yeye aliyemwua kwa dhambi yake, labda hatarudi tena. Na Bwana atatuuliza sisi habari zake.

Nne, pandeni mbegu moja. Siku ya Ijumaa iandikeni hotuba yote katika sentensi moja. Isipoingia katika sentensi moja, jueni kwamba ni hotuba tatu. Ziacheni mbili kwa siku nyingine. Jumamosi isemeni kwa sauti, mkaondoe kila neno gumu na kila mfano usiojulikana na wasikilizaji. Habari za theluji hazimsaidii mtu wa Mpwapwa. Habari za mbuyu na za kisima kilichokauka zamsaidia. Kisha ombeni. Siku yenyewe semeni polepole, mwatazame watu, msipige kelele mahali ambapo somo halipigi kelele, wala msimpige mtu mmoja kwa fimbo ya mimbara hata wote wakageuka kumtazama. Na yakiisha mliyopewa, semeni Amina mkakae. Dakika ishirini zilizotengenezwa hushinda saa nzima ya kutangatanga.

Mwisho, baada ya ibada mwulizeni bibi mmoja na mtoto mmoja: "Umechukua neno gani kwenda nalo nyumbani?" Wakiwa na neno, mshukuruni Mungu. Wakiwa hawana, msiwakasirikie. Anzeni tena Jumatatu.

Ndugu zetu, mkulima wa nchi hii huitengeneza shamba lake wakati wa kiangazi, mawingu yakiwa hayajaonekana. Hawezi kuinyesha mvua, lakini mvua ikija, humkuta tayari. Na sisi hatuwezi kuugeuza moyo wa mtu. Kazi hiyo ni ya Roho Mtakatifu peke yake. Yetu ni kulima na kupanda kwa uaminifu. Bwana wa mavuno awatie nguvu katika kazi hiyo. Amina.