Utamu wa Neno na Wenye Kulisema

"Mbombo ngafu!" Vijana wa mjini hucheka wakilisikia, hata wasiojua kwamba kwa Kinyakyusa maana yake ni kazi ngumu. Katika majaruba ya mpunga ya Kyela, Tanzania, husemwa na mtu aliyeinama kupalilia, na jirani huitikia bila kuinua uso. Maneno ni yaleyale. Je, utamu wake uko katika sauti, au katika wanaosemezana?

Wanyakyusa walikuwa wamelitafakari jambo hili zamani. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwao miaka ya 1930, walikuta wazo liitwalo ukwangala: kustarehe na wenzako kwa kula, kunywa na kuongea. Ndilo lililozaa jina la kitabu cha Monica, Good Company, cha 1951. Wavulana wa miaka kumi hivi walianza kujijengea kijiji chao wenyewe, na wazee waliamini kwamba akili hukomaa katika maongezi ya watu walio sawa. Porojo, kumbe, ilikuwa shule.

Lakini sawa na nani? Wanawake hawakuwa na vijiji vya rika. Mke alitakiwa kumwepuka baba mkwe, asitamke jina lake wala neno linalofanana nalo. Jina la mkwe likikaribiana na jina la kitu cha kila siku, mama huyo alilazimika kutafuta namna nyingine ya kukitaja, kutwa nzima, huku akipika na kulea. Msikilizaji wa leo husifu ubunifu huo, na ni haki yake. Ila anachokifurahia kilitokana na katazo, na aliyelibeba hakuulizwa.

Mpaka wa nchi, kwa upande wake, umeshindwa kabisa kuwatenganisha wanaosemezana. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwenye Mto Songwe, lakini Wangonde wa Karonga, Malawi, na Wanyakyusa wa Kyela bado wanaelewana bila mkalimani.

Kwa hiyo anayekusanya misemo ya watu ili achekeshe wengine ameambulia ganda tu. Ukifika Kyela siku ya soko, simu iache mfukoni kwanza, usalimie. Kijana mwenzako mwambie "ugonile". Mzee mwambie "mugonile", kwa wingi, kwa sababu wingi ndio heshima yake.